6D, D750 au a7 III kwa harusi za usiku? Tenganisha chenga na fokasi kwanza

Mkuu, umeuliza kama uhame Canon 6D uende Nikon D750 au Sony a7 III, maana picha za ukumbini zinatoka na chenga (punje punje) na nyingine hazijashika fokasi. Hayo ni matatizo mawili, na bodi mpya (kamera yenyewe bila lenzi) itakusaidia zaidi kwenye la pili.

Zote tatu ni fulu fremu (zenye sensa kubwa) za megapikseli 20 hadi 24. Kwenye ISO (usikivu wa sensa kwa mwanga) ya 3200 au 6400 tofauti ya chenga haifiki stopu moja (mwanga mara mbili), na bibi harusi hataiona. 6D inaumbuka ukipiga picha giza halafu ukaipandisha mwanga kwenye kompyuta: vivuli vinatoa mistari na madoa, wakati D750 na a7 III zinavumilia. Kwa hiyo kwenye 6D usibane ISO. Piga 5000 mwanga ukiwa sawa, itakuwa safi kuliko 1600 uliyoiokoa baadaye.

Fokasi ndiyo penye kazi. 6D ina pointi 11 za fokasi, na ya katikati peke yake ndiyo ya msalaba (inasoma mistari ya wima na ya mlalo), inashika hadi kwenye mwanga hafifu sana wa EV -3. Za pembeni gizani zinahangaika tu. Ndiyo maana watu wanashikia katikati halafu wanazungusha kamera kupanga picha. Kwa lenzi ya 50mm iliyofunguliwa hadi f/1.8, mtu akiwa mita 1.5, eneo kali ni kama sentimita 10. Ukizungusha nyuzi 15 fokasi inarudi nyuma sentimita 5. Macho laini, masikio makali! Funga lenzi hadi f/2.8, au zungusha kidogo.

D750 ina pointi 51, ila zimerundikana katikati. a7 III ina 693 zinazofunika karibu fremu nzima, na ukiweka firmware (programu ya ndani ya kamera) 3.0 inafuata jicho yenyewe. Lakini ile taa nyekundu ya flashi inayosaidia fokasi kwenye D750 haina kazi kwenye a7 III. Pia ukipiga kwa flashi, f/5.6 na ISO 400, kioo chake kinakuwa giza tii hadi uzime Setting Effect kwenye menyu.

Shata ya kimya isikutamanishe chini ya taa za LED, utapata mistari myeusi picha nzima. Umeme wetu ni wa hezi 50, taa nyingi zinapepesa mara 100 kwa sekunde: tumia shata ya kawaida, 1/100 ya sekunde. a7 III ina Anti-flicker kwa picha (inapanga shata iendane na mpepeso wa taa). Hizo nyingine mbili hazina.

Mkononi D750 inashinda. Mshiko una kina, na lenzi ya 70-200 haikuchoshi haraka. Kwenye a7 III kidole kidogo kinaning'inia. Zote mbili zina nafasi mbili za memori kadi, 6D ina moja, na kwa harusi hilo peke yake ni sababu ya kuhama.

Ukinunua D750 ya mtumba, ulizia namba yake kwa wakala kabla ya kulipa, kwani Nikon iliwahi kutoa huduma ya bure ya shata kwa baadhi yake. Kama kazi zako nyingi ni za flashi, chukua hiyo, na pesa inayobaki iende kwenye lenzi ya 85mm f/1.8. Kama unapiga bila flashi, watu wakicheza, a7 III.