Usiikaushe: nano za mimea kwenye matope ya kuchorongea

Mara ya kwanza nilipotia nano ya mmea, yaani chembe ndogo mno zinazotengenezwa kwa mmea, kwenye matope ya kuchorongea visima (yale yanayozungushwa kisimani wakati wa kuchoronga), niliyaharibu. Nilikuwa nimetengeneza nanoselulosi, yaani vinyuzi vidogo mno vya mmea, kutokana na maganda ya mpunga kwa kutumia asidi, nikaiosha siku kadhaa hadi asidi ikaisha, kisha nikaiweka kwenye oveni usiku kucha ili nipate unga, maana unga ni rahisi kupima. Asubuhi nilikuta magamba magumu kama kucha. Nikayasaga, nikayakoroga kwenye tope, nikalichuja. Keki, yaani ule utando wa tope unaobaki juu ya karatasi ya chujio, ilikuwa na punje. Ukipitisha kidole unazihisi kama mchanga. Na maji yaliyochujika yalikuwa mengi kuliko ya tope lisilotiwa kitu.

Nyuzi za selulosi zikikauka hushikana, na ukizirudisha majini nyingi haziachani tena. Nano imekufa hapo, kwa sababu faida yake yote iko kwenye udogo. Bentonaiti, udongo wa mfinyanzi unaotengenezea tope hili, inaziba vizuri matundu ya mchanga, lakini matundu ya sheli, ule mwamba wa matabaka unaovimba na kumomonyoka ukinywa maji, ni ya kipimo cha nanomita, yaani sehemu ya bilioni ya mita. Chembe za bentonaiti ni kubwa mno kuyaingia. Ndiyo maana tunahangaika na hizi ndogo.

Kwa hiyo iache ikiwa rojo, ndani ya friji. Ukitaka kujua ina selulosi kiasi gani, kausha kijiko kimoja tu, upime kabla na baada. Siku ya kazi ilegeze kwanza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ikoroge sana, ndipo uimimine kwenye bentonaiti iliyokwisha kulowekwa usiku mzima. Na maji yaliyomo kwenye rojo yapunguze kwenye maji ya kuchanganyia! Kosa hili nimelirudia zaidi ya mara moja: unadhani umeongeza nano, kumbe umezimua tope.

Mimi hutumia gramu 22.5 za bentonaiti kwa mililita 350 za maji. Kipimo hicho kina raha yake: gramu moja kwenye kikombe ni sawa na ratili moja kwenye pipa la kisimani. Anza na asilimia 0.1 ya nano, panda polepole. Ukizidisha, nanoselulosi inafanya tope kuwa uji na pampu ndiyo itakayolia.

Wanaotumia majani kutengenezea nano, tuseme za oksidi ya zinki, wana mtego wao. Maji ya majani huwa na tanini, na tanini imetumika tangu zamani kulainisha matope mazito. Basi usiridhike na vikombe viwili, kimoja chenye nano na kingine kisicho nayo. Weka cha tatu chenye maji ya majani peke yake, bila nano. Niliwahi kufurahia matokeo kwa wiki nzima, kikombe cha tatu kikaniumbua: karibu kazi yote ilikuwa ya majani. Majani mengine yana saponini pia, na hiyo inatoa povu kama sabuni. Tope lenye povu linapimwa jepesi kuliko lilivyo, kwa hiyo toa povu kabla ya kugusa mizani.

Jaribio la kawaida la kuchuja ni la shinikizo la psi 100 (ratili 100 kwa kila inchi ya mraba) kwa dakika 30. Soma pia kiasi cha maji dakika ya 7.5, ukikizidisha mara mbili unapata karibu kile cha mwisho. Lakini usitazame mililita tu, pima na unene wa keki. Keki nene hung'ang'ania mabomba hata kama maji yaliyopita ni machache.

Halafu rudia yote baada ya kulizungusha tope kwenye joto kwa saa 16, na urudie tena ukiwa umetia chumvi. Nanoselulosi ya asidi ya salfuriki inaelea kwa sababu chembe zake zina chaji hasi zinazosukumana. Chumvi inaua msukumano huo, na kalsiamu inayotoka kwenye saruji ya kisimani ni mbaya zaidi. Nimeona tope zuri la jioni likiganda mafungumafungu mbele ya macho yangu kwa gramu chache tu za kloridi ya kalsiamu.

Ukifungua friji ukasikia harufu ya uchachu, mwaga. Bakteria wameshakula rojo lako.