Faili Likihama Kompyuta: Fundi Anajibu

*Shikamoo fundi. Ripoti yangu ya utafiti niliiandika nyumbani kwa LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia, kwenye kompyuta ya Linux (mfumo unaotumika badala ya Windows). Steshenari wakaifungua kwa Word ya Windows: kurasa 84 zikawa 91, na jedwali limekatika katikati. Hii LibreOffice ni ya kuaminika kweli? – Mwanafunzi, Morogoro*

Marahaba. Pole sana, najua hapo foleni iko nyuma yako na kila karatasi unailipia.

Wa kwanza kushukiwa ni fonti, yaani sura ya herufi. Calibri, kwa mfano, ni mali ya Microsoft, kwa hiyo kompyuta ya Linux kwa kawaida haina. LibreOffice huweka Carlito mahali pake, fonti iliyochongwa kwa makusudi herufi zake zilingane upana na za Calibri, na mistari hubaki ilipokuwa. Carlito nayo isipokuwepo, inashika fonti yoyote iliyo karibu. Herufi zikizidi upana kidogo tu, neno moja linasukumwa mstari wa chini, na ukifika ukurasa wa 60 jedwali limeshahama.

Ya pili ni aina ya faili. LibreOffice huhifadhi kwa odt, ambayo ni kiwango cha kimataifa cha ISO tangu 2006. Ukihifadhi kwa docx, aina ya faili ya Word, kazi inatafsiriwa, na tafsiri ina mahali inapoteleza. Kwa hiyo nakala mama ibaki odt. Steshenari peleka PDF, maana fonti husafiri ndani yake. Docx mpe msimamizi anayetaka kuandika maoni, na uifungue kwenye Windows siku kadhaa kabla ya kukabidhi, siyo asubuhi ile ile.

Halafu acha kusukuma sura mpya kwa kubonyeza Enter mara kumi. Bonyeza Ctrl na Enter pamoja, mara moja. Ripoti nyingi ninazoletewa zimevurugika hapo, na hakuna programu inayoweza kuziokoa.

*Mimi ni mweka hazina wa chama. Nimefungua orodha ya wanachama ya CSV, namba zote za simu zimepoteza sifuri ya mwanzo. – Nakuru*

Usihifadhi! Funga faili hilo kwanza. CSV ni maandishi matupu, haina pa kusema hii ni hesabu na ile ni namba ya simu. Ukiibofya mara mbili, Excel inakisia, na 0722 inakuwa 722. Calc, programu ya majedwali ya LibreOffice, hukuonyesha dirisha kabla ya kufungua: chagua safu ya simu, iweke kuwa maandishi. Kwenye Excel, ingiza faili kupitia menyu ya data, ufanye vivyo hivyo. Sifuri ya simu utairudisha, kwa kuwa kila namba inayo. Namba za uanachama zenye urefu tofauti ndizo zinazoniogopesha: ukishahifadhi, hutajua ipi ilianza na sifuri.

*Programu ya kuchati ya ofisini inailemea laptop yangu ya RAM GB 4. Kuchati tu? – Mwanza*

Programu nyingi za namna hiyo zimejengwa kwa Electron, mfumo wa kutengenezea programu kama tovuti, ndiyo maana zinafanya kazi Windows, Mac na Linux bila kuandikwa upya. Gharama yake ni kwamba kila moja inabeba ndani yake Chromium nzima, kivinjari kamili. Ukifungua tatu, una vivinjari vitatu juu ya kile unachokitumia. Kama huduma hiyo ina tovuti, ingia kupitia kivinjari chako.

*Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 Oktoba 2025. Tuhamishie ofisi yetu Linux? – Katibu, Tanga*

Inawezekana, ila msihame kwa siku moja. Andika kila kazi mnayoifanya kwa wiki, pamoja na printa, skana na programu ya mahesabu. Kisha washa Linux kutoka kwenye flashi, bila kugusa Windows iliyomo, mjaribu kazi hizo moja moja. Printa ianze. Programu ya mahesabu ikiwa ni ya Windows pekee, iachieni kompyuta moja ambayo haiingii intaneti, nyingine zihame.