"Aliyekuwa mchezaji wa zamani": eti Lampard karudi uwanjani?

Msomaji wetu wa Morogoro anauliza: "Mwalimu shikamoo, kwenye habari za michezo naona wanaandika 'Frank Lampard, aliyekuwa mchezaji wa zamani wa Chelsea', mwenzangu anasema ni kosa, mimi naona iko sawa tu. Nani mkweli? Halafu huyu jamaa tumwite kocha au meneja?"

Marahaba. Mwenzako ndo mkweli ndugu yangu, japo najua hilo kosa limezagaa mpaka redioni, ukisikiliza vipindi vya michezo asubuhi hukosi kulisikia. Hebu lisome taratibu. Mchezaji wa zamani wa Chelsea ni mtu aliyecheza pale, sasa hachezi tena pale. Na "aliyekuwa" nayo inasema kitu kilikuwepo, sasa hakipo. Sasa ukizibebesha zote mbili kwa mtu mmoja unakuwa umetuambia kwamba Lampard ule uzamani wake umeisha, yaani karudi Stamford Bridge, uwanja wa Chelsea, kavaa jezi yake namba 8 anasubiri pasi, wakati jamaa alitundika daluga tangu 2017. Andika "mchezaji wa zamani wa Chelsea" au "aliyekuwa mchezaji wa Chelsea", moja inatosha.

Na hapo kuna kitu watu wanachanganya, wanadhani "wa zamani" lazima awe kastaafu. Sio. Lampard aliondoka Chelsea 2014 akiwa na magoli 211, rekodi ya klabu mpaka leo, na Septemba mwaka huohuo akaingia kutokea benchi akiwa na Manchester City akawasawazishia hao hao Chelsea ikawa 1-1, wala hakushangilia. Siku ile alikuwa mchezaji wa zamani wa Chelsea na bado ni mchezaji kabisa, tena mwenye madhara. Ukitaka kusema kaacha mpira sema "mchezaji mstaafu" au "aliyestaafu soka".

Kwenye ukocha sasa ndo pananoga. Baada ya kuanza na Derby County 2018 na kukosa kupanda daraja kwa kufungwa na Aston Villa fainali ya mchujo pale Wembley, Chelsea wakampa timu 2019, akamaliza wa nne, halafu Januari 2021 wakamtimua akaja Thomas Tuchel ambaye Mei tu kabeba Ligi ya Mabingwa (mpira una roho mbaya jamani). Kuanzia hapo Lampard ni kocha wa zamani wa Chelsea, sawa? Aprili 2023 Graham Potter, kocha wa Chelsea wakati huo, naye kafungashiwa virago, wakamwita Lampard awe kocha wa muda. Kwa hizo wiki chache, na hizo peke yake, mwandishi angeweza kuandika "aliyekuwa kocha wa zamani wa Chelsea ndiye kocha wao sasa" na mimi nisingekuwa na la kusema, maana uzamani ulikuwa umekatika kweli. Haukukatika sana lakini, mechi 11 kashinda 1, msimu ukaisha akarudi kuwa wa zamani.

Kuna na "aliyewahi kuwa", hii watu wanaisahau na ni nzuri mno. "Aliyekuwa kocha wa Everton" inafaa ile Januari 2023 ametoka tu kufukuzwa, habari bado ya moto. Leo hii mi ningeandika "aliyewahi kuwa kocha wa Everton", kwa sababu wameshapita wengine pale na yeye mwenyewe alienda zake Coventry City Novemba 2024.

Kuhusu kocha au meneja, mwandike kocha. Waingereza wana meneja kwa vile kwao zamani mtu huyo mmoja ndo alikuwa anapanga timu, anasajili, mpaka mishahara anaijadili yeye. Kwetu meneja wa timu ni kazi nyingine kabisa, huyo ni wa kuhangaika na hoteli, safari, jezi na leseni za wachezaji, kwa hiyo ukimwandikia mtu wa Msimbazi au Jangwani "meneja Lampard amepanga mabeki watatu" atashangaa kocha kaenda wapi siku hiyo.