Kwa chui milia, Aprili hadi mwanzo wa Juni

Ukienda mbuga za India, Desemba kuna ubaridi mzuri wa kutembea, ila kama unamtaka chui milia hasa, nenda kati ya Aprili na mwanzo wa Juni. Sababu ni maji. Vijito vimekauka, misaji imepukutisha majani, kwa hiyo msituni unaona mbali, na wanyama wanabaki na madimbwi machache tu ya kunywea. Dereva anaegesha hapo, mnasubiri.

Nilisoma Pune, mji wa magharibi mwa India, na Mei moja tulikwenda hifadhi ya Tadoba. Chui milia jike aliingia bwawani kinyumenyume, matako kwanza, akakaa maji yakimfika shingoni wala hakuwa na habari nasi. Lakini joto, jamani! Linapita nyuzi 40, gari halina paa, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Nilijifunga kitambaa kibichi kichwani, dakika kumi kimeshakauka. Ukienda na wazee au watoto, chagua Februari au Machi.

Julai hadi Septemba usikate tiketi: ni masika yao, na maeneo ya ndani ya hifadhi za Kanha, Bandhavgarh na Tadoba hufungwa.

Hifadhi ya Kaziranga, kule jimbo la Assam kwenye vifaru wa pembe moja, ni hesabu nyingine. Huko ni Novemba hadi Aprili, maana mto Brahmaputra ukifurika hifadhi inaingia maji.

Popote uendako, lipia kibali cha kuingia mapema. Nafasi za magari kwa siku zina kikomo.