Kamera ya kumpiga picha paka ndani ya nyumba: maswali na majibu

Swali: Wahariri, habari za kazi. Nina paka wawili, hawatoki nje kwa sababu ya mbwa wa jirani. Nataka kamera ya kuwapiga picha sebuleni, hasa jioni nikitoka kazini. Nina laki tisa. Kuna mtu ananiuzia Canon 700D iliyotumika, pamoja na lenzi yake ya 18-55, kwa laki sita na nusu. Mwingine ana 4000D iliyo karibu mpya, nayo ina 18-55, anataka laki saba. Fundi wangu wa simu anasema nichukue iliyo mpya. Nyie mnasemaje?
*Msomaji, Kisasa, Dodoma*

Jibu: Chukua 700D, na kabla hujalipa muulize muuzaji anataka ngapi kwa bodi tupu, bila lenzi. Chochote utakachookoa kiende kwenye lenzi ya Canon EF 50mm f/1.8 STM. Hiyo ndiyo itakayokupa picha za paka wako, kuliko bodi yoyote kati ya hizo mbili.

Tatizo la paka wa ndani ni mwanga. Macho yetu huzoea haraka, kwa hiyo sebule yenye balbu mbili za LED tunaiona imewaka vizuri, lakini kwa kamera ni giza. Lenzi ya 18-55 ukiivuta hadi 55, mwisho wake wa kufunguka ni f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni pana na mwanga unaingia mwingi). Katika sebule ya aina hiyo, ukiweka ISO 1600 (ISO ni usikivu wa kamera kwa mwanga), shata, yaani pazia la kamera, italazimika kubaki wazi 1/25 ya sekunde. Paka akigeuza kichwa tu, uso umeshavurugika. Lenzi ya f/1.8 huingiza mwanga karibu mara kumi zaidi. Chumba kile kile, ISO ile ile, shata inapanda hadi 1/250.

Muuzaji wa 700D atakwambia 18-55 yake ina IS, kizuia mtikisiko. Ni kweli, na inasaidia, lakini inatuliza mkono wako tu. Paka haimtulizi.

Kwa kukadiria: paka aliyelala anapigika kwa 1/60, anayejilamba kwa 1/125, anayetembea kwa 1/250, anayekimbizana na mwenzake kwa 1/500. Wa kuruka anataka 1/1000, na huyo msubiri mchana karibu na dirisha, maana usiku kwa balbu ISO itapanda mpaka picha ijae chenga.

Sasa hizo bodi. Zote ni megapikseli 18, kwa hiyo hapo hakuna cha kugombania. Lakini 700D, ingawa ni ya 2013, ina skrini inayofunguka na kugeuzwa. Unaweza kuiweka kamera sakafuni, usawa wa macho ya paka, ukaangalia kwa juu bila kulala kifudifudi. Pointi zake zote tisa za fokasi, za kulenga ukali wa picha, ni za msalaba, yaani zinashika mistari ya wima na ya mlalo. 4000D ina moja tu ya aina hiyo, ya katikati. 700D hupiga picha 5 kwa sekunde, 4000D hupiga 3. Na 4000D ina jambo moja ambalo wengi hulijua wakiwa wameshalipa: sehemu ya juu ya kuchomeka flashi haina ile pini ya katikati, kwa hiyo flashi nyingi za bei nafuu ukizipachika haziwaki. Kamera hiyo ilitoka 2018, lakini ilitengenezwa iwe ya bei ya chini kabisa, hata pete ya kushikia lenzi ni ya plastiki.

Ukienda kuikagua hiyo 700D, fungua skrini na uizungushe hadi mwisho huku kamera ikiwa imewashwa. Ikizima katika pembe fulani, waya bapa wa ndani umechoka. Weka f/22, piga ukuta mweupe kisha ikuze picha: madoa meusi yanayobaki pale pale kila picha ni vumbi kwenye sensa, kile kipande cha ndani kinachopokea picha. Hilo linasafishika, litumie kupunguzia bei. Zungusha pete ya kuvuta lenzi karibu na sikio. Ukisikia mkwaruzo, ni mchanga, na sisi wa Dodoma tunao wa kutosha. Mwisho mulika tochi ya simu ndani ya lenzi kutokea nyuma. Nyuzi nyembamba kama utando wa buibui ni fangasi. Hapa kwetu hewa ni kavu na fangasi hukua kwa nadra, lakini kamera nyingi za mitumba zimekaa kwanza Pwani, na huko unyevu ni mwingi. Lenzi yenye fangasi iache, hata kama bei inavutia.

Kuhusu 50mm, taja jina zima unapoagiza. Ipo ya zamani, 50mm f/1.8 II, yenye mota inayopiga kelele, na paka husikia kelele hiyo kabla hujapata fokasi. STM ni tulivu na inakaribia hadi sentimita 35. Ile ya zamani inaishia 45. Ukiikosa mjini, ya Kariakoo inaweza kukufikia kwa basi.

Pima na chumba chako pia. Kwenye 700D, 50mm ikiwa mita 2 kutoka kwa paka inachukua upana wa sentimita 89 hivi. Paka mmoja anaingia vizuri, wawili waliokaa mbalimbali hawaingii. Kama sebule yako haizidi mita 3 kwa 3, itazame EF-S 24mm f/2.8 STM. Inaona pana zaidi na inakaribia hadi sentimita 16, ila mwanga wake ni pungufu mara mbili na nusu hivi ukilinganisha na f/1.8.

Ukishaipata, weka M (modi ambayo wewe unachagua shata na tundu), shata 1/250, tundu f/2.2, ISO iwe Auto yenye kikomo cha 6400. Fokasi iwe AI Servo, ile inayomfuata paka akisogea, pointi moja ya katikati, uiweke kwenye jicho lililo karibu nawe. Usiiachie kamera ichague pointi yenyewe, itashika pua. Ukiwa mita 1 kutoka kwa paka kwa f/1.8, sehemu iliyo kali ina kina cha sentimita 2 na nusu tu. Jicho likiwa kali, pua inaweza kuwa na ukungu. Ukikaribia hivyo, nenda f/2.8.

Swali: Shikamooni. Mimi sina hela ya kamera, natumia simu. Mchana picha zinatoka safi, usiku paka wangu anatoka ana vichwa viwili. Simu mbovu?
*Mwanafunzi, UDOM*

Jibu: Marahaba. Simu nzima. Ni modi ya usiku: hupiga picha kadhaa kwa sekunde moja au zaidi, kisha huziunganisha ziwe moja. Kwa meza na kabati inafaa sana. Paka akisogea katikati ya zoezi, anaunganishwa alipokuwa na alipofika. Izime kwenye menyu ya kamera, kubali chenga kidogo, na umpate mwenye kichwa kimoja.

Tumia lenzi kuu, ile ya 1x. Ile ya 0.5 inaona pana, lakini kwenye simu nyingi inaingiza mwanga kidogo zaidi, na paka akiwa karibu inamvimbisha pua. Ya 2x kwenye simu nyingi za kawaida ni kukata picha tu. Bora usogee mwenyewe. Modi ya pichawima, inayofifisha nyuma, iache kwa binadamu: inakadiria mpaka wa uso kwa hesabu, na hesabu hiyo hukata sharubu na ncha za masikio.

Halafu futa lenzi kwa kitambaa laini cha pamba. Mafuta ya vidole yanafanya kila balbu iwe na duara la ukungu.

Dirisha lako ndilo taa yako kubwa. Mkalishe paka mita moja kutoka dirishani, wewe ukae upande ili mwanga umpige usoni kwa ubavu; ukimpiga dirisha likiwa nyuma yake anageuka kivuli. Wavu wa mbu uliojaa vumbi unakula mwanga mwingi, kwa hiyo uoshe. Usiuondoe paka akiwa ndani, maana nondo za dirisha hazimzuii.

Swali: Nimewekewa akiba na kikundi chetu, nataka kamera mpya isiyo na kioo cha ndani. Duka lina Canon R100 na R50. R100 ni nafuu. Kwa paka kuna tofauti gani?
*Dada wa Area D*

Jibu: Dada, kwa paka tofauti ni kubwa, ongeza pesa uchukue R50. Zote zilitoka 2023 na zote zina megapikseli 24, lakini R50 inatambua wanyama na kuwinda jicho la paka yenyewe, huku R100 inatambua nyuso za watu tu. R50 ina skrini ya kugusa inayogeuzwa. Ya R100 haigeuki wala haiguswi.

Ukiiwasha ingia kwenye menyu ya fokasi, mahali pa kuchagua kinachotambuliwa, uweke wanyama. Wengi husahau, wakasema kipengele hakifanyi kazi. Nacho kina mipaka: jicho lisipokuwa na mng'ao wa mwanga ndani yake, hasa kwa paka mweusi kwenye kona yenye giza, kamera inaanza kutangatanga. Mgeuze paka kuelekea dirishani.

Lenzi inayokuja nayo, 18-45, inaishia f/6.3, yaani usiku inaingiza mwanga kidogo kuliko hata ile ya msomaji wa Kisasa. Panga bajeti ya RF 50mm f/1.8 tangu mwanzo. Lenzi za EF, zile za kamera za Canon zenye kioo, nazo zinaingia kwa adapta, na fokasi yake inafanya kazi.

Swali: Picha zangu zina mistari ya giza inayokatisha kuanzia upande hadi upande, lakini usiku tu. Nimeweka shata isiyo na sauti ili paka wasishtuke.
*Msomaji, Kondoa*

Jibu: Hiyo shata ndiyo chanzo. Umeme wetu ni wa hezi 50, na balbu nyingi za LED za bei ya chini hufifia na kung'aa mara 100 kwa sekunde, haraka mno macho yasione. Shata ya kielektroniki husoma sensa mstari kwa mstari, kwa hiyo mistari mingine inasomwa balbu ikiwa iking'aa na mingine ikiwa imefifia. Rudi kwenye shata ya kawaida, au shuka hadi 1/100 au 1/50. Kama kamera ina kipengele cha kuzuia kumeta kwa taa, kiwashe. Mchana, kwa mwanga wa dirisha, shata ya kimya itumie upendavyo.

Paka huzoea mlio wa shata. Piga picha chache za ukutani wakati anakula, siku mbili tatu, na ataacha kugeuka.

Swali: Nikipiga kwa flashi, macho ya paka yanawaka kijani. Je, namuumiza? Na kuna dawa?
*Msomaji, Mpwapwa*

Jibu: Nyuma ya jicho la paka kuna tabaka linaloakisi mwanga, ndilo linalomsaidia kuona gizani. Flashi iliyo karibu na lenzi inaingia humo na kukurudia moja kwa moja. Mwako mmoja wa mbali haumpofushi paka mkubwa mwenye afya, lakini unamkera na kumfundisha kuikimbia kamera. Watoto wa paka usiwamulike usoni kabisa.

Dawa ni flashi ya nje yenye kichwa kinachogeuka, uielekeze darini. Dari ya jipsamu nyeupe yenye urefu wa kawaida inafaa mno: mwanga unashuka laini kutoka juu, macho hayawaki. Anza na nguvu 1/8, ISO 800, f/4, shata 1/160, kisha rekebisha nguvu tu. Mwako wenyewe ni mfupi kuliko 1/1000 ya sekunde, kwa hiyo hata anayeruka anaganda. Dari ikiwa ya rangi, paka atachukua rangi hiyo. Nyumba ikiwa na mabati matupu, elekeza kwenye ukuta mweupe wa pembeni, au tundika shuka nyeupe.

Swali: Paka wangu ni mweusi tii. Kwenye picha anatoka kijivu.
*Msomaji, Singida*

Jibu: Kamera inadhani chumba kina giza, inaongeza mwanga. Punguza fidia ya mwanga, mpangilio wa kuiambia kamera iongeze au ipunguze mwanga wa picha, hadi −0.7 au −1. Utapata na faida ya pili, shata inakuwa ya kasi zaidi. Paka mweupe ni kinyume chake, +0.7 hadi +1. Kamera nyingi za zamani za Canon hazikubali fidia hiyo ukiwa kwenye M na ISO Auto, hamia Av, modi ambayo wewe unachagua tundu na kamera inachagua shata.

Swali: Kuanzia Juni upepo hapa ni vumbi tupu. Naitunzaje kamera?
*Msomaji, Nzuguni*

Jibu: Usibadilishe lenzi nje wala mbele ya dirisha lililo wazi. Zima kamera, ielekeze mdomo wake chini, lenzi ya pili iwe tayari mkononi, ubadilishe haraka. Vumbi la juu liondoe kwa kipulizio cha mpira kabla ya kufuta, maana ukifuta kwanza unasugua kioo kwa mchanga. Usipulize kwa mdomo, mate yanaganda kwenye sensa. Manyoya ya paka yanaingia kwenye begi kuliko unavyodhani, hasa kama begi limegeuka kitanda chake: lifunge zipu, na kila wiki ligeuze nje ulikung'ute.