Maswali ya Wasomaji: Tutajuaje Kama Washiriki Wanapata Nafuu?

SWALI: Kwako Mshauri, hujambo? Mimi ni mratibu wa kikundi cha akina mama wanaolea watoto wenye ulemavu mkubwa, hapa Kayole, Nairobi. Tunakutana kila Jumamosi katika ukumbi wa kanisa, tukiwa na mnasihi mmoja na wahamasishaji wawili wa afya ya jamii, na kila awamu huchukua wiki kumi na mbili. Mfadhili wetu sasa anataka tumthibitishie kwamba hali ya akili ya washiriki inaimarika. Mwishoni mwa awamu iliyopita niliwapa fomu yenye swali moja, "Je, kikundi kimekusaidia?", na wote wakaandika ndiyo. Mfadhili anasema hilo halitoshi. Tufanyeje? (Mratibu, Kayole)

JIBU: Dada mratibu, mfadhili wako ana hoja, ingawa ningependa uwe na sababu nyingine ya kupima kabla ya ile ya kumridhisha yeye. Ukipima vizuri utamjua mama ambaye wiki ya sita imefika na hali yake iko pale pale, au imezidi kuwa mbaya, nawe utaweza kumfuata nyumbani kabla hajaacha kuja. Faida hiyo ni kubwa kuliko ripoti yoyote, na ndiyo inayopaswa kuongoza kila uamuzi kuhusu namna ya kuuliza.

Swali ulilotumia lilipima shukrani. Mama aliyepewa chai, nauli na mtu wa kumsikiliza, kisha akaulizwa na mwenyeji wake kama amesaidiwa, atasema ndiyo hata kama usiku hapati lepe la usingizi, kwa sababu kusema la kungekuwa utovu wa adabu. Uliza basi kuhusu maisha yake, wala si kuhusu kikundi. Taja kipindi mahususi, kwa mfano wiki mbili zilizopita. Tumia maneno yale yale siku ya kwanza na siku ya mwisho. Na anayeuliza asiwe yule anayemwongoza kila Jumamosi. Kama kuna kikundi kingine kama chenu Umoja au Komarock, mnaweza kubadilishana wahojaji kwa siku moja bila gharama kubwa.

Huna haja ya kubuni maswali mapya. Hojaji fupi iitwayo WHO-5, ambayo Shirika la Afya Duniani liliitoa mwaka 1998, ina kauli tano tu: kwamba katika wiki mbili zilizopita nimekuwa mchangamfu na mwenye moyo mweupe, nimekuwa mtulivu, nimekuwa na nguvu, nimeamka nikiwa nimepumzika, na siku zangu zimejaa mambo yanayonivutia. Kila kauli hupewa alama kuanzia 0, yaani haijatokea kamwe, hadi 5, yaani wakati wote. Jumla huzidishwa kwa 4 ili ipatikane alama kati ya 0 na 100. Mshiriki akiwa chini ya 50 inafaa achunguzwe zaidi kama ana unyogovu, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha (depression), na mabadiliko ya alama 10 au zaidi huchukuliwa kuwa mabadiliko ya kweli. Mama aliyeanza na jumla ya 7, yaani alama 28, kisha baada ya miezi mitatu akafikisha 10, yaani alama 40, amesogea, ingawa bado anahitaji kuangaliwa kwa karibu.

Ninaipendelea WHO-5 kwa kikundi chenu kwa sababu inauliza mambo mema na haimwachi mtu akiwa mzito wa moyo. Hata hivyo, kumbuka kwamba mama anayeamka mara tatu usiku kumgeuza mtoto asiyeweza kujigeuza hatapata alama ya juu katika kauli ya usingizi, hata mngekuwa na wanasihi kumi. Usimlinganishe na mtu mwingine. Mlinganishe na yeye mwenyewe alivyokuwa alipokuja.

Mkihitaji kupima dalili za unyogovu zenyewe, kuna PHQ-9, iliyochapishwa mwaka 2001, yenye maswali tisa na alama kutoka 0 hadi 27. Kuanzia 10 dalili huhesabiwa kuwa za wastani, na kuanzia 20 huwa kali sana. Imetafsiriwa kwa Kiswahili, na ilijaribiwa magharibi mwa Kenya miongoni mwa watu wanaoishi na virusi vya ukimwi, matokeo yakichapishwa mwaka 2009. Lakini msiiguse kabla ya kuamua mtafanya nini pale mshiriki atakapojibu ndiyo kwa swali la tisa, linalohusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Ni lazima karatasi zisomwe siku hiyo hiyo kabla mtu hajaondoka ukumbini, na mnasihi awe amepanga mapema atakavyozungumza naye na hospitali atakayompeleka. Kuuliza swali hilo kisha kuiacha fomu kabatini ni kumtelekeza mtu baada ya kumfungua mdomo.

Kwa wasiosoma, au wanaosoma kwa shida, msome kwa sauti mkiwa faraghani, na mweke mezani glasi za maji: ya kwanza tupu, ya mwisho imejaa, na zilizo katikati zikipanda hatua kwa hatua. Mshiriki hugusa glasi inayolingana na hali yake, na wengi hulielewa jambo hili papo hapo kuliko wanavyoelewa majibu ya PHQ-9 kama "baadhi ya siku" na "zaidi ya nusu ya siku". Kabla ya kuanza, waombeni akina mama wachache wawaeleze kwa maneno yao kila swali linauliza nini; pale ambapo wawili wataelewa mambo mawili tofauti, rekebisheni.

Alama za dalili hazitoshi pia. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika mitaa ya Nairobi, ambapo zaidi ya wanawake 400 waliokuwa na dhiki ya moyo, wengi wao wakiwa wamepitia ukatili wa kijinsia, walishiriki katika jaribio la PM+ (Problem Management Plus), mpango mfupi wa Shirika la Afya Duniani wa kumsaidia mtu kukabili dhiki na matatizo yake. Waliouendesha mpango huo walikuwa wahudumu wa afya ya jamii waliopewa mafunzo, katika vikao vitano tu, na baada ya miezi mitatu waliohudhuria walikuwa na dhiki ndogo kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida. Watafiti hawakupima dalili peke yake. Walipima pia uwezo wa kufanya shughuli za kila siku, na wakamwachia kila mwanamke ataje mwenyewe tatizo linalomsumbua zaidi, kisha likapimwa hilo hilo baadaye. Fanyeni vivyo hivyo. Siku ya kwanza mwulizeni kila mama: ni jambo gani moja ambalo likibadilika utajua mambo yako yamekuwa nafuu? Mmoja atasema anataka kufungua tena kibanda chake cha mboga, mwingine atataka kumbeba mwanawe hadi stejini bila kujali macho ya watu. Mwandike maneno yake kama alivyoyasema, mumpe alama, na mwishoni mumsomee.

Sasa nije kwenye hesabu, kwani hapa ndipo vikundi vingi vyenye nia njema hujidanganya. Tuseme mmeanza na akina mama kumi, sita wakiwa na alama 40 kila mmoja, na wanne, walio taabani zaidi, wakiwa na alama 20. Wastani wao ni 32. Katikati ya awamu wale wanne wanaacha kuja, kwa sababu mwenye hali mbaya ndiye huwa wa kwanza kukosa nauli, nguvu na mtu wa kumwachia mtoto. Wale sita wanabaki na alama 40 zao zile zile. Mwishoni unapiga hesabu ya waliopo: wastani ni 40. Ripoti itasema washiriki wamepanda kwa alama 8, ilhali hakuna hata mmoja aliyepata nafuu, na waliohitaji msaada zaidi wamepotea. Ndiyo maana nakusihi umpe kila mshiriki mstari wake daftarini, utumie namba badala ya jina, na ulinganishe mwisho na mwanzo wa mtu yule yule. Katika ripoti, tamka waziwazi walioanza ni wangapi, waliobaki ni wangapi, na walioondoka walikuwa na hali gani siku ya kwanza. Kisha mpeleke mhamasishaji akawatafute, kwanza kuwajulia hali, na pili kuwauliza maswali yale yale kama watakubali.

Liko jambo jingine la haki. Mtu hujiunga na kikundi wakati maji yamemfika shingoni, na baadhi ya watu wangepata ahueni kidogo baada ya miezi mitatu hata bila kikundi. Kama wanaoomba kujiunga ni wengi kuliko nafasi, waulizeni wanaosubiri maswali hayo hayo siku wanapojiandikisha na tena siku wanapoanza, ili mwone hali inabadilika kiasi gani bila kikundi. Mwenye dalili nzito au mawazo ya kujidhuru asisubirishwe kwa ajili ya takwimu. Andikeni pia yaliyotokea mtaani katika kipindi hicho, kama vile mafuriko, ubomoaji wa nyumba au karo za Januari. Alama zikishuka katika mwezi ambao nusu ya washiriki wamehamishwa makazi, kikundi hakijashindwa, na mfadhili mwelewa atalisoma hilo kwa makini.

SWALI: Shikamoo Mshauri. Ninaishi Dandora na ninahudhuria mpango wa vijana waliopoteza wazazi. Kila mwezi tunajazishwa fomu yenye maswali yale yale, na moja linauliza kama nimewahi kufikiria kwamba heri nife. Huwa naandika hapana ingawa si kweli, kwa kuwa naogopa nitashtakiwa, na sijui fomu zinasomwa na nani. Je, ni lazima nijibu? (Kijana, Dandora)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Asante kwa kuniambia ukweli ambao fomu haikuupata. Nianze na lililo zito: kama mawazo hayo unayo sasa, usingoje fomu ya mwezi ujao. Mwambie leo mtu mzima unayemwamini, au upige 1199, namba isiyolipishwa ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, au ufike katika kituo cha afya kilicho karibu. Hospitali ya Mathari nayo, inayotibu magonjwa ya akili, haiko mbali na ulipo. Ukihisi kwamba utajidhuru, usikae peke yako hata dakika moja.

Kuhusu kushtakiwa, kuwa na mawazo hakujawahi kuwa kosa. Kilichowatia watu hofu ni kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, na mwezi Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba.

Si lazima ujibu swali lolote, na kukataa kusikunyime nafasi yako katika mpango. Chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019, taarifa za afya ni taarifa nyeti, nawe una haki ya kuelezwa zinakusanywa kwa nini, nani anazisoma, na kuziona zilizo zako. Mwulize mratibu mambo hayo bila woga. Lakini pale utakaporidhika na majibu yake, ningependa uandike ukweli, kwa sababu hapana yako ya uongo ndiyo inayomfanya mnasihi apite karibu nawe bila kusimama. Nawaomba pia waratibu wanaosoma ukurasa huu wakome kukusanya fomu kila mwezi bila kuwarudishia vijana matokeo yao. Mtu akionyeshwa mstari wake ukipanda au ukishuka, na kuulizwa yeye anauelewaje, fomu huwa mazungumzo na uongo hupungua.

SWALI: Je, tunaweza kuwatumia washiriki hojaji kwa simu badala ya kuwaita ofisini? (Mhudumu wa kujitolea, Kawangware)

JIBU: Mnaweza, hasa kwa waliohama au walioajiriwa, mradi mambo mawili yazingatiwe. Kwanza, simu nyingi nyumbani hutumiwa na zaidi ya mtu mmoja, kwa hiyo msitume maswali kwa ujumbe unaoweza kusomwa na mume au mzazi. Pigeni, ulizeni kama mhusika yuko mahali anapoweza kuzungumza, na kama hayuko, pangeni saa nyingine. Pili, aliyehojiwa ana kwa ana mwanzoni ahojiwe ana kwa ana mwishoni kila inapowezekana, kwani watu hujibu tofauti wanapotazamwa usoni. Ikishindikana, andikeni kando ya alama zake kwamba zilichukuliwa kwa simu.