Dolly Parton ana tuzo ngapi? Jibu la jirani wa sanamu yake

Mleta uzi umeuliza Dolly Parton, yule mwimbaji wa kantri wa Marekani, ana tuzo ngapi hasa, maana mshikaji wako kakubishia kwamba ni mama wa mawigi tu na Oscar hajawahi kushinda. Naona wakuu hapo juu wameshakubandikia orodha za kukopi. Mimi orodha sina, ila nimekulia kwenye kanda zake na sasa hivi naishi Knoxville, Tennessee, ni kama dakika 40 kwa gari mpaka mjini kwao Sevierville, kwa hiyo ngoja nichangie ninachokijua, vumilia ni ndefu kidogo.

Mzee wangu alikuwa dereva wa lori, Mbeya–Dar Dar–Mbeya, na kwenye lile lori kulikuwa na kanda tatu tu, Jim Reeves, Kenny Rogers na huyu mama. Kiingereza cha mzee cha kuungaunga lakini wimbo wake Dolly wa Jolene anaupiga mwanzo mwisho, "Jolini Jolini Joliiini", sisi watoto tulikuwa tunajua kabisa kwamba Jolini ni mama fulani wa Makambako na bi mkubwa akiisikia ananuna kidogo.

Sasa twende kwenye swali. Grammy, zile tuzo kubwa za muziki Marekani, anazo 11 ukijumlisha na ile ya heshima ya maisha aliyopewa 2011. Lakini namba peke yake haikwambii kitu, angalia zilivyokuja. Hiyo hiyo Jolene ilitoka 1973, ikawania Grammy mara mbili miaka ya sabini ikatoka kapa mara zote mbili, halafu ikaja kushinda 2017 alipoirudia na wale vijana wa Pentatonix wanaoimba kwa midomo bila vyombo. Zaidi ya miaka 40 wimbo unasubiri kikombe chake! Mzee nilivyompigia kumwambia akasema "kumbe hawakuwa wamempa?" kama vile mtu kadhulumiwa kiwanja.

Ila mimi ukiniuliza, tuzo yake nzito kwenye kantri ni ile ya 1978. Hizi tuzo za CMA, za chama cha muziki wa kantri, zilianza 1967 na ile kubwa kuliko zote, ya mburudishaji bora wa mwaka, ilikuwa kama mali ya wanaume. Mwanamke wa kwanza kuichukua ni Loretta Lynn 1972, wa pili ndiyo Dolly. Na kumbuka wakati huo watu wa Nashville, makao ya muziki wa kantri, walishaanza kumnunia, wanasema kaikimbia kantri kaenda kwenye pop kwa sababu ya Here You Come Again, yaani wimbo umeuza sana ikawa kosa. Mwimbaji bora wa kike alishachukua 1975 na 1976, sasa usiku huo wa 1978 muda mfupi kabla hajatajwa gauni likapasuka kifuani, limembana vibaya mno, akaenda kuchukua tuzo hivyo hivyo na jukwaani akawaambia ndiyo yanayokupata ukitaka kujaza ratili hamsini za tope kwenye mfuko wa ratili tano. Ukumbi hoi. Ndiyo maana nasema anayemwita mama wa mawigi hajui kwamba mwenye mawigi alishajicheka mwenyewe kabla yake.

Kuhusu Oscar mshikaji wako yuko nusu sahihi. Oscar ni tuzo za filamu, na kwenye nyimbo za filamu aliteuliwa mara mbili, kwa 9 to 5 na baadaye Travelin' Thru, akakosa zote. Lakini mwishoni mwa 2025 wale wa Oscar walimpa tuzo ya Jean Hersholt ambayo ni ya utu, ya kusaidia watu, na kisanamu chake ni kile kile cha dhahabu. Kwa hiyo kubishana kuishe, Oscar anayo ila siyo ya kuimba. (Na kwa wale ambao mpaka leo mnajua I Will Always Love You ni ya Whitney Houston, huyu Dolly ndiye aliyeitunga, aliiandika kumuaga bosi wake wa kwenye tivii Porter Wagoner, na kwenye chati za kantri ilishika namba moja mara mbili, 1974 na 1982, Whitney akaja nayo 1992.)

Kinachonifurahisha zaidi ni zile alizozikataa. Nishani ya rais, ile kubwa ya raia kule Marekani, serikali ya Trump ilimpa ofa mara mbili, ya kwanza akasema mume wake anaumwa, ya pili korona imeshika kasi hasafiri. Akaja Biden naye, mama akaona sasa akiipokea itaonekana siasa. Obama alivyoulizwa mbona hukumpa wewe akakiri alichemka. 2021 wabunge wa Tennessee wakataka kumjengea sanamu kwenye viwanja vya bunge, akawaandikia waufute huo muswada, hali ya dunia ilivyo siyo wakati wa kumpandisha yeye juu. 2022 jumba la heshima la wanamuziki wa rock likamteua, akasema jamani mimi si mtu wa rock niondoeni, wakamwambia kura zimeshatumwa, akakubali, na mwaka uliofuata akatoa albamu nzima ya rock eti asije akaonekana kachukua kitu cha bure. Nani Bongo anarudisha tuzo?

Mimi binafsi nilimuelewa Dolly vizuri pale mwanangu wa kwanza alipozaliwa. Hospitali wakatupa fomu, tukajaza, baada ya wiki kadhaa kwenye boksi la posta kuna kitabu kipya kimeandikwa jina la mtoto. Mwezi uliofuata kingine. Kila mwezi mpaka mtoto anatimiza miaka mitano, hulipi hata senti, ndiyo ule mradi wake wa vitabu aliouanza 1995 hapa hapa wilayani kwao Sevier. 2018 kitabu cha milioni 100 alikikabidhi Maktaba ya Bunge, Washington. Chanzo chake ni baba yake, alikuwa mkulima mwenye watoto 12, hajui kusoma wala kuandika. Ni familia ambayo daktari aliyemzalisha mama yao siku Dolly anazaliwa alilipwa gunia la unga wa mahindi! Watoto walikuwa wanamwita Dolly mama wa vitabu, na Dolly anasema hilo jina ndilo baba yake alilokuwa anajivunia kuliko ustaa wote.

2019 nikamleta mzee kuja kumuona mjukuu. Jetlag haijaisha anataka apelekwe kwa Dolly. Nikampeleka Sevierville, sanamu iko nje ya mahakama toka 1987, kakaa juu ya jiwe na gitaa, suruali imekunjwa, miguu peku. Nikamsimulia stori ambayo Dolly mwenyewe huwa anaisimulia, kwamba baba yake alimtania kuwa kwa mashabiki wewe ni sanamu ila kwa njiwa ni choo tu, na baadaye sana ikaja kujulikana kwamba huyo huyo mzee alikuwa anapakia maji ya sabuni na ufagio kwenye pikapu, anakuja usiku watu wamelala, anasugua mavi ya njiwa anaondoka kimya kimya, hakumwambia mtu.

Mzee wangu hakujibu. Alizunguka ile sanamu mara mbili kama anavyokaguaga matairi, kisha akatoa leso mfukoni, akaitemea mate kidogo, akawa anafuta kidole gumba cha mguu. Kulikuwa na watalii wanasubiri kupiga picha, hakuwajali. Nilimpiga picha akiwa ameinama hivyo hivyo, ipo kwenye simu yangu ya zamani, nikiipata nitaiweka hapa chini.